Vyuma Vinavyosamehe

Sheria ya gofu inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14 katika mfuko wake, wala hairuhusu ya 15. Wamarekani waliiweka sheria hiyo mwaka 1938, na wakuu wa mchezo huko St Andrews, Uskoti, wakaifuata mwaka 1939. Kabla ya hapo kila mtu alibeba kadiri mgongo wa mchukuzi wake ulivyostahimili, na walikuwapo mabingwa waliovuka fimbo 25. Katika hizo 14 moja ni ya kuusukumia mpira shimoni. Tatu au nne zina vichwa vikubwa, nazo hadi leo huitwa fimbo za mti ingawa mti umezitoka zamani. Zilizobaki aghalabu ni vyuma. Na ni vyuma hivi vinavyomhangaisha anayeanza, tena kabla hajaupiga mpira hata mmoja. Humkabili vikiwa vimepangwa kwa nambari, vinang'aa, vinafanana kama ndugu waliopishana kimo, na kila kimoja kinadai kazi ambayo ndugu zake hawaiwezi.

Nambari zenyewe ni changa kuliko zinavyojionyesha. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 vyuma viliitwa kwa majina: kliki, mashi, nibliki, na hata mashi-nibliki, mtoto wa hao wawili. Mipini ilikuwa ya mti wa hikori, na kwa kuwa hakuna vipande viwili vya mti vinavyopinda sawasawa, mchezaji alikichagua kila chuma peke yake, akikitikisa, akikisikiliza mkononi, akikirudisha na kuchukua kingine. Mpini wa chuma cha pua ulipohalalishwa, Marekani mwaka 1924 na St Andrews mwaka 1929, viwanda viliweza kutoa mipini elfu inayolingana, na vitu vinavyolingana vyataka kuhesabiwa. Majina yakatoka, nambari zikaingia. Mpenzi wa lugha hana budi kusikitika kidogo. Ni kama mabaharia wa pwani waamue siku moja kwamba kaskazi, kusi, matlai na umande ziitwe upepo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Vyombo vitafika vilevile, lakini kuna kitu kitakachokuwa kimeshushwa njiani.

Kanuni ya nambari ni nyepesi. Ikiwa ndogo, mpini ni mrefu na uso wa chuma umesimama, basi mpira huruka chini na kwenda mbali. Ikikua, mpini hupungua kwa nusu inchi kila hatua, uso hulala zaidi, na mpira hupanda juu na kutua karibu. Saba iko katikati, na ndiyo maana walimu wengi humkabidhi mwanafunzi chuma nambari saba kabla ya vingine. Baada ya tisa huja kabari, ambazo hazina nambari ya safu hiyo: moja ya kuudokoa mpira karibu na shimo, nyingine ya kuutoa mchangani. Hii ya mchangani ina historia ya peke yake. Gene Sarazen, Mmarekani mwana wa seremala wa Kiitalia, aliyeanza maisha ya gofu kwa kubeba mifuko ya watu, aliiongezea chuma chake madini chini ya wayo ili kiteleze juu ya mchanga pasipo kuzama, kisha akaenda nacho Uingereza mwaka 1932 na kurudi na kombe.

Mchezo huu ulifika Mombasa pamoja na Waingereza. Uwanja wa kusini mwa kisiwa, ulio juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama bahari, ulianzishwa mwaka 1911, nao una mashimo tisa. Katika enzi ya ukoloni mwenyeji wa pwani aliziona fimbo za gofu kwa karibu ikiwa tu amelipwa kuzibeba. Hivyo ujuzi wa vyuma ukakaa kwanza mabegani mwa wachukuzi, hao wanaoitwa makedi, na kwa wengi wao haukupata kushuka kutoka hapo. Walivijua vyuma kama mtumishi anavyoijua nyumba ya tajiri: kila chumba, kila ufa, bila ya funguo.

Ni kedi wa namna hiyo, mzee wa miaka 60 na ushei, aliyeombwa ushauri na karani mmoja mstaafu wa forodha. Karani alikuwa na miaka 58, umri wa watu kuuaga mchezo badala ya kuuanza. Mwaka mmoja kabla alipitiwa na kiharusi chepesi. Mguu ulirudi upesi. Mkono wa kulia ulirudi nusunusu, na vidole vikabaki vizito kama vilivyovaa glavu. Daktari alimtaka atembee kila siku. Msichana aliyemfanyisha mazoezi ya viungo alimtaka aupe mkono kazi, lolote lenye kushika na kuachia. Yeye mwenyewe alikuwa na huzuni moja ambayo hakumwambia yeyote kati yao: kwa miaka 30 alikuwa maarufu bandarini kwa mwandiko wake, na sasa saini yake haikufanana tena na ile iliyokuwa katika makaratasi ya pensheni. Alikuwa akiaibika kuandika mbele za watu. Gofu aliifikia kwa sababu aliweza kutembea na kushika kwa pamoja, na kwa sababu uwanjani hakuna anayemwomba mtu asaini chochote.

Mkewe alimwuliza, "Bwana, hivyo vyuma ni vya shilingi ngapi?" Lilikuwa swali la haki, na hakuwa na jibu lake.

Kulikuwa na seti mbili zikiuzwa. Ya kwanza ilikuwa ya daktari mmoja aliyefariki, na mwanawe alitaka shilingi 15,000 kwa vyote, kuanzia nambari tatu hadi kabari. Vilikuwa vyuma vya jadi, vilivyofuliwa kwa nyundo kutoka kipande kimoja, vyembamba, mgongo laini usio na pambo, ukingo wa juu mkali mfano wa ubapa wa kisu. Aliyezoea kutazama majambia ya kazi nzuri angesimama mbele yake. Seti ya pili ilikuwa kwa mwuza mitumba: vyuma vinene, vyenye wayo mpana na mgongo uliochimbwa shimo, mipini myeusi ya grafati, na bei ya shilingi 22,000 kwa vinne tu. Karani alivitazama vile vinene akasema havina adabu.

Hapa yafaa kumtaja aliyevinenepesha. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norwe, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka miwili, akakulia Seattle. Masomo ya chuo yalimshinda kwa ukosefu wa fedha, akashona viatu. Baadaye akawa mhandisi, akafanya kazi katika viwanda vya ndege na kisha kwa General Electric. Alipofika miaka 42, wenzake kazini wakamvuta kwenye gofu, naye akaona kwamba fimbo ya kuusukumia mpira shimoni inamhujumu. Watu wengi walipata kuona hivyo kabla yake, wakacheka, wakaendelea kukosa. Solheim alikwenda kwenye karakana ya gari nyumbani kwake. Mwaka 1959 alitoka na fimbo ambayo uzito wake ameuhamisha kutoka katikati akaupeleka kwenye ncha mbili, na kwa kuwa ilikuwa ikilia ilipougusa mpira, akaipa jina la mlio wake: Ping. Katika miaka ya 1960 akaipeleka fikra hiyohiyo kwenye vyuma, na mwaka 1967 akaiacha kazi ya kuajiriwa. Vyuma vyake vya mwaka 1982, vilivyoitwa Eye2, vilienea duniani kote. Alifariki mwaka 2000.

Fikra yenyewe haina ugeni wowote kwa mtu wa pwani. Mtumbwi mtupu hupinduka kwa urahisi kwa sababu uzito wake wote uko katikati, na mwenye kuketi upande mmoja huulaza. Ngalawa ni mtumbwi uleule uliofungiwa mbao mbili mbali na ubavu wake, huku na huku, na ghafla hata mtoto aweza kusimama ndani. Chuma chembamba cha jadi ni mtumbwi. Mpira ukigusa kiini cha uso wake, huenda ulikotumwa. Ukigusa pembeni hata kwa upana wa kidole, uso hupinduka, mpira hupotoka, na mkono hupigwa ganzi. Chuma kilichochimbwa mgongo ni ngalawa. Madini yaliyotolewa katikati yamepelekwa ukingoni, kisiginoni na kidoleni, kwa hiyo mpira uliogusa pembeni hukisukuma kichwa bila ya kukipindua sana. Umbo hilo ni gumu kulifua kwa nyundo, ndipo vyuma vya namna hiyo aghalabu humiminwa kwa njia ya kale wanayoijua masonara: mfano wa nta hufunikwa kwa udongo mgumu, nta huyeyushwa ikatoka, na chuma kilichoyeyuka huingia mahali pake.

Wauzaji wana neno lao kwa chuma cha aina hii. Husema kinasamehe. Neno limeingia katika lugha ya gofu kiasi kwamba hakuna tena anayelishangaa, ingawa mfasiri anapolikuta mara ya kwanza hulazimika kusimama. Husamehe nani, na kosa gani? Kosa halikufutwa. Mpigaji amekosea vilevile, ila hakuambiwa.

Kedi hakuwa na hotuba juu ya mambo haya. Aliazima chuma nambari saba kutoka katika kila seti, akamwaga mipira 20 kwenye pembe ya uwanja isiyotumika, akamwambia karani apige kumi na kumi. Kwa kile chembamba mipira tisa ilikwenda ovyo: mmoja ulipiga mnazi, miwili haikupanda kabisa, na kila mmoja ulipeleka mtetemo hadi kwenye kiwiko cha mkono mgonjwa. Lakini wa sita uligusa kiini. Wenye kuucheza mchezo huu wanakubaliana katika jambo hili, na ni ajabu kulisikia mara ya kwanza: mpira uliopigwa sawasawa hausikiki mkononi. Ni kama chuma kimepita hewani na mpira umeamua wenyewe kuondoka. Karani alisimama akauangalia mkono wake wa kulia.

Kisha akapiga kumi kwa kile kinene. Saba ilikwenda mbele, hata ile iliyogusa ncha. Hakuumia. Hata hivyo alirudisha chuma kwa uso uliokunjamana.

"Mwalimu," alimwambia kedi, kwani ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, "hiki hakiniambii kitu. Nikipatia ni hivyo, nikikosea ni hivyo."

"Kweli, Bwana Karani," kedi akajibu. "Lakini mzee mwenzangu, mtu akiambiwa ukweli mara tisa katika kumi, siku ya pili haji."

Mabishano yao yalikuwa na uzito kuliko vyuma vyenyewe, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Upande wa karani una shahidi mkubwa. Severiano Ballesteros alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, kando ya ghuba, kwa watu wa shamba. Alikuwa mtoto wa kubeba mifuko, na uwanja wenyewe haukuwa wa watoto kama yeye kuuchezea. Alikuwa na chuma kimoja, nambari tatu, kikuukuu, alichopewa na kaka yake, nacho akakipeleka ufukweni. Nambari tatu ni miongoni mwa vyuma vigumu kuliko vyote: mpini mrefu, uso uliosimama, kiini kidogo. Juu ya mchanga, kwa chuma hicho kimoja, mtoto yule alijifundisha kuuinua mpira, kuulaza, kuupinda kushoto na kulia, kufanya kazi ya vyuma kumi kwa kukilaza au kukisimamisha uso kwa mikono tu. Mwaka 1979, akiwa na miaka 22, alitwaa ubingwa wa Uingereza, kisha akautwaa tena mwaka 1984 na 1988, na katikati akashinda mara mbili kule Augusta, Marekani. Alipofariki mwaka 2011, walioandika juu yake walirejea mara kwa mara kwenye chuma kile kisichosamehe na mchanga ule.

Kedi naye alijifunza hivyohivyo. Alikuwa na tano moja yenye mpini uliokatika na kuungwa kwa waya, na maji yalipotoka alipiga vifuu vya nazi kwanza, mipira baadaye. Ilimpa mkono ambao wanachama wengi wa vilabu wangetoa fedha nyingi kuupata. Wala hakumpendekezea karani njia hiyo. Mtoto wa miaka minane ana mikono inayopona usiku mmoja na ana miaka kumi ya kupoteza, na hana heshima ya kuvunjiwa mbele ya watu. Hadithi za mabingwa waliotoka katika umaskini husimuliwa na waliofika. Watoto wangapi wa fukwe hizo walitupa chuma kilichowauma mikono wakaenda kuvua, hakuna aliyewahesabu. Kumshauri mtu wa makamo mwenye mkono uliopooza kwamba aanze kwa ugumu kwa sababu bingwa mmoja alianza hivyo ni sawa na mwalimu wa ushairi anayemkatalia mwanafunzi beti yake ya kwanza kwa kuwa mizani zimepungua moja katika mshororo wa tatu. Mizani zitakuja. Lakini ni lazima mwanafunzi arudi kesho na beti ya pili.

Jambo jingine lililotokea siku ile lilimhusu karani kwa undani zaidi, kwa sababu lilikuwa la taaluma yake. Aligundua kwamba saba ya mitumba ilipeleka mpira mbali kuliko saba ya marehemu, hata alipoipatia ile ya marehemu. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliyeishi miaka 30 akilinganisha uzito ulioandikwa kwenye karatasi na uzito ulio ndani ya kasha, alishuku. Alivilaza vyuma viwili sakafuni sambamba, wayo kwa wayo. Saba ya mitumba ilikuwa ndefu zaidi, na uso wake ulikuwa umesimama zaidi, tena kwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

"Huku ni kuandika mzigo usivyo," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alikuwa amegusa siri iliyo wazi ya biashara hii. Katika miaka ya 1970 chuma nambari saba kilikuwa na mwinamo wa digrii 36 hadi 38 hivi. Leo, katika vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, ni kawaida kukuta saba yenye digrii 30, 29 au 28. Hiyo yakaribia kuwa tano ya zamani iliyopigwa muhuri wa saba. Watengenezaji wana hoja: uzito ukishushwa chini ya kichwa, mpira hupanda juu mno, basi uso husimamishwa ili kuurudisha. Hoja ina ukweli. Ina pia faida ya kumfanya mnunuzi dukani apige saba mpya mita 10 mbele ya saba yake kuukuu na afungue mkoba. Matokeo yake yako mwishoni mwa safu. Kabari ya kudokolea iliyokuwa na digrii 48 au zaidi imesogea hadi 45 au 43, ikaacha pengo kubwa kati yake na kabari ya mchangani iliyobaki kwenye 55 au 56, na pengo hilo likalazimu kubuniwa kabari nyingine ya kulijaza, ambayo nayo huuzwa.

Kwa anayeanza, maana ya haya ni kwamba nambari iliyochongwa kwenye chuma haimwambii lolote la yakini. Yampasa aulize digrii. Na chini ya nambari sita, katika seti za siku hizi, uso umesimama kiasi kwamba mpigaji mwenye nguvu haba hawezi kuuinua mpira kutoka ardhini. Ndiyo maana tatu na nne zimetoweka katika seti nyingi, mahali pake pakashikwa na fimbo chotara, nusu chuma na nusu mti. Seti ya marehemu ilikuwa na nambari tatu, nne na tano, zote zikiwa na ung'avu wa kitu kisichotumika. Yamkini hata daktari mwenyewe hakuziweza.

Yalibaki ya mwili. Mpini wa chuma cha pua huwa na uzito wa gramu 100 na zaidi; wa grafati huweza kuwa 60 au 70, nao humeza sehemu ya mtetemo kabla haujafika mkononi. Kwa vidole vya karani hilo lilimaliza nusu ya mjadala. Kimo chake kilikuwa cha wastani, mikono mifupi kidogo. Kedi alipima kwa kamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, akaona kwamba kukata mipini si lazima, kwani chuma kikikatwa hubadilika mizani yake yote, na inatosha kushika sentimita mbili chini ya ncha. Ama wayo, aliutaka mpana, lakini usio na tumbo kubwa. Ardhi ya uwanja ule ni tandiko jembamba la majani juu ya matumbawe. Wakati wa kaskazi hukauka, na wayo wenye tumbo hudunda juu yake ukaupiga mpira kiunoni. Haya hayamo katika matangazo ya wauzaji, yanayoandikwa kwa ajili ya watu wenye mvua na udongo laini.

Hata kutu ilipigiwa hesabu. Vyuma vya jadi hufuliwa kwa chuma laini cha kaboni na kufunikwa kwa kromu, na kromu ikichubuka, hewa ya bahari huingia kama mwivi aliyeachiwa dirisha. Ndani ya mipini ya seti ya marehemu, kedi alipotikisa, kulisikika chembe zikimwagika. Alizisikiliza, akarudisha kila chuma mfukoni kwa upole.

Alhasili karani alinunua vinne vya mitumba: sita, nane, kabari ya kudokolea na kabari ya mchangani, kwa shilingi 19,000 baada ya mapatano ya siku mbili. Fimbo ya kusukumia aliipata bure kwa kedi. Alimwambia mkewe bei kamili, na mkewe, baada ya kunyamaza kidogo, akamwuliza kama vinne vyatosha, kwani kwenye televisheni aliona mifuko iliyojaa. Saba ile nyembamba aliiomba peke yake kwa mwana wa marehemu, akakataliwa; seti haivunjwi. Mwezi uliofuata iliuzwa yote kwa mtu wa bara. Karani aliiulizia mara moja tu.

Mwezi wa tatu alipata desturi mpya. Alikata vipande vya utepe mweupe, akabandika kimoja nyuma ya kila chuma juu ya nambari ya kiwanda, na juu ya utepe akaandika kwa wino mita alizozipima mwenyewe kwa hatua: 105 kwenye sita, 90 kwenye nane, 70 kwenye kabari. Tarakimu zilikuwa zimeinama kidogo upande wa kulia, kama zilivyokuwa katika madaftari ya bandarini. Kedi alizisoma moja baada ya moja, akasimama kwenye 90.

"Hii uliipima lini, Bwana Karani?"

"Jumanne."

"Jumanne kusi ilikuwa mgongoni kwako."

Karani aliutazama utepe, akaubandua, akatoa kalamu mfukoni na kipande kingine kipya, akakiweka juu ya goti, akaanza upya.